Tarehe ya Kifo cha Shangazi Aliye Hai

Liège, Ubelgiji

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Déo, Nguba, Bukavu

Athari ya utafiti ni badiliko ambalo utafiti umelileta katika maisha ya mtu halisi: mgonjwa aliyetambuliwa mapema, dawa iliyobadilishwa, kifo kilichoahirishwa. Sifa si athari. Kutajwa na maprofesa wengine si athari. Naanza na maana hii kabla hata ya kukusalimu, kwa sababu katika simu yetu ya Jumapili ulilitumia neno hilo mara nyingi, na kila mara ulilitumia vibaya.

Sasa nakusalimu. Natumaini wewe na nyumba yako mko wazima, na kwamba maumivu ya mgongo wa Maman yamepungua. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kuuma vidole, nami natoka maabara na kurudi chumbani bila kukutana na mtu anayeniuliza nimeamkaje. Hayo nimeyazoea. Nisiloweza kulizoea ni hili.

Chuo kimenidai taarifa ya athari ya utafiti wetu wa moyo na figo, ule ambao wewe uliusimamia kijijini Kavumu. Walitaka mtu mmoja, aliye hai, ambaye barua yetu ya majibu ya vipimo ilimwokoa. Kwa kawaida mimi huona namba tu. Majina hufungiwa mbali nami, na kanuni hiyo ni nzuri. Safari hii kamati ya maadili iliniruhusu kufungua daftari la majina. Nilianza na wale ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuchoka na shinikizo la damu liko juu, kwa kuwa hao ndio wanaofaidika zaidi na tiba ya mapema. Jina la tatu lilikuwa la Nsimire, shangazi yetu tuliyemzika. Mbele yake pameandikwa: amefariki. Tarehe ya kifo inaitangulia tarehe ya kutolewa damu kwa miaka minne.

Yaya, wafu hawatolewi damu. Nilijua mara moja ni nani wa kumuuliza. Asubuhi ile ile nilimpigia simu shangazi Nabintu, dada yake marehemu. Alikuwa shambani, akipalilia maharagwe.

“Shangazi, siku ile ya damu ulitoa jina gani?”

“Ya marehemu dada. Kwani? Damu yangu na jina yangu viende Ulaya pamoja, wazungu wanifanye nini? Yeye hawawezi kumufanya kitu tena.”

“Na Yaya Déo alikuwa wapi?”

“Si alikuwa pale pale na stylo yake, anaandika! Alicheka, akasema: ‘Shangazi, leo uko mufu. Urudi polepole kwa barabara, utatisha watu.’”

“Miguu yako je?”

“Inavimba kidogo. Viatu vya misa haviingie tena, naenda kanisani na kambambili. Ni uzee, mwanangu. Weye docteur, usinitafutie ugonjwa mpaka pahali haiko.”

Yeye simlaumu. Watu wa Kavumu wameorodheshwa mara nyingi na wenye kalamu, na si kila orodha iliwaletea heri. Kumpa mgeni jina la marehemu ni ulinzi ambao wengi wao wanaujua. Wewe ulijua pia. Barua ya majibu ilipofika mkononi mwako, ikimwita “Nsimire” hospitalini bila kukawia, uliitia katika droo, ukaandika fomuni kwamba amefariki. Nilipokuuliza Jumapili, ulinijibu kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula: “Petite, mudogo wangu, ulitaka nimupelekee mufu barua ya convocation? Dossier ilipashwa kufungwa. Ni weye ulikuwa unasukuma.” Kisha ukanionya nisichafue utafiti ambao “athari yake imefika mpaka Kinshasa”.

Ni kweli nilisukuma. Agizo la kufunga majalada yote kabla ya Ijumaa lina saini yangu, nami nimeieleza kamati hivyo bila kupunguza neno. Lakini agizo langu halikukulazimisha kumzika mtu aliye hai ili ukurasa ukamilike. Na fomu ilipodai tarehe ya kifo, wewe, msomaji wa masomo parokiani, uliona haya kubuni tarehe. Ukaandika ile ya kweli, ya msiba wa Nsimire. Ulimwogopa Mungu katika kisanduku kimoja, ukamsahau katika kile cha pembeni yake. Bila uadilifu wako huo wa nusu, nisingegundua lolote.

Kwa miaka miwili kifo hicho kimekaa ndani ya makala yetu. Nimekionesha ukutani mbele ya wataalamu, wakapiga makofi. Kwa miaka miwili hiyo hiyo shangazi hakumeza kidonge hata kimoja. Wakati ule vidonge na chumvi kidogo mezani vingeweza kutosha. Leo sijui figo zake zimebaki na nini, na yeyote anayedai kujua bila kumpima upya ni mwongo.

Kwa hiyo Jumatatu utakwenda Kavumu. Usimtume mtu. Utamweleza kwa kinywa chako ulichofanya, bila mzaha, kisha utamleta Bukavu apimwe kwa jina lake. Akisita kulitoa, keti naye mpaka aelewe. Kukubali ni haki yake. Wewe huna haki ya kukubali kwa niaba yake. Mimi nimeliandikia jarida kwamba makala isahihishwe, na taarifa ya athari nimeirudisha tupu.

Msalimie Maman, ila jambo hili uniachie nimweleze mwenyewe. Msalimie wifi yangu, mkeo, ambaye hajanikosea kitu. Msalimie pia mjomba wetu, tonton katekista, na umwombe asimwite shangazi katika kazi za kufagia kanisa hadi daktari aseme.

Mimi ni mdogo wako, Noëlla, ninayebaki na swali ambalo namba zangu haziwezi kulijibu: katika safu ile ya waliofariki kuna mistari mingine ya mwandiko wako, yenye tarehe zisizo na kasoro yoyote, ni wangapi kati ya hao ‘wafu’ waliopita leo sokoni Kavumu na vikapu vyao?