Bibi Mkaidi wa Kwenye Simu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Baba hajambo? Shangazi amepona mafua? Mimi ni mzima, nakula nashiba, na leo nakuomba ukae kitako kabla ya kusoma, maana mwanao ana la kujivunia na hana nia ya kujishusha.

Nilikwambia juu ya yule bibi ninayemtunza. Tangu apatwe na kiharusi, lugha ya hapa imemtoka kabisa, amebaki na Kiebrania cha utotoni, ambacho hata bintiye wa kumzaa hakufundishwa. Alikuwa akisukuma sahani na kufoka, nasi tumekodoa macho tu. Tukitaka kumtafsiria kwa simu, anaigeuza kifudifudi mezani. Haongei na kitu kisicho na macho. Akazidi kukonda. Mwishowe bintiye akanieleza, huku akilia, kwamba mwezi ukiisha atampeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimi nilijua kwamba huko, kati ya watu wasiomwelewa, Bibi hatamaliza mwaka.

Nikapiga moyo konde. Nikaweka kwenye simu yangu programu ya akili mnemba, ile unayopiga nayo soga kama na mtu, nikaiomba inifundishe Kiebrania. Niliongea nayo nikipiga pasi, nikimenya viazi, nikianika mashuka, mpaka jirani akamuuliza binti wa Bibi kama nina akili timamu. Kasoro yake ni adabu iliyopita kiasi. Nikiboronga, inanipongeza. Mama, mimi sikulelewa hivyo. Tena hayo maneno ya kistaarabu Bibi hakuyajali. Nilimkaribisha mezani kwa heshima zote, akageukia ukutani.

Basi nikabadili mbinu. Nikaiagiza programu iwe mwanamke mkaidi asiyetaka kula, ibishane nami bila huruma. Hapo ndipo lugha ilipoanza kuniingia. Siku za mwanzo nilijibiwa mpaka nikaishiwa maneno, lakini unanijua, ubishi sikuuazima kwa mtu.

Jumatatu msimamizi wa ile nyumba ya wazee akaja kumwona Bibi. Bibi akasukuma supu mbele yake. Nikashika kiuno, nikamwambia kwa Kiebrania kwamba nimesimama jikoni asubuhi nzima na sibanduki hapo mpaka anipe sababu. Bibi akanirudi, nami nikamrudi. Akasema naongea kama punda. Nikamjibu kwamba punda huyo ndiye anayempikia. Akacheka, Mama. Halafu akafungua kinywa na kunionyesha: meno yake ya bandia yalikuwa yamemchubua fizi. Siku zote alikuwa akitueleza hivyo, nasi tulidhani anatutukana.

Daktari wa meno ameyarekebisha. Bibi anakula kama yuko mashindanoni, bintiye amenikumbatia hadi nikakosa pumzi, na habari ya nyumba ya wazee haitajwi tena. Nami natembea humu ndani kama jogoo.

Sasa kuna jambo nakuungamia. Programu iliponiuliza huyo mwanamke mkaidi awe mtu wa namna gani, sikubuni. Niliieleza tabia zako wewe: unavyosema umeshiba hata hujaonja, unavyosingizia usingizi dawa ikiletwa, unavyofunga kila ubishi kwa kusema wewe ndiye uliyenizaa. Muda wote huu nimekuwa nikigombana nawe kwa Kiebrania, na nikikukumbuka sana ndipo naongea zaidi. Umenishinda kila siku isipokuwa moja. Siku hiyo, Mama, ulimaliza sahani nzima, nikalia juu ya pasi kwa furaha.

Nimemsimulia Bibi haya yote. Alicheka hadi akajifuta machozi, akaniagiza nikuandikie kwa niaba yake kwamba usikubali kushindwa na mtoto huyu. Mimi naongeza langu: meza dawa.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na Baba umpe mkono wangu.

Ni mimi kitinda mimba wako,
uliyemzaa wewe, na hakuna ubishi.