Gari Liko Darajani, Mzee Hayupo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tamarack Ford, Montana
Jina: Verna Tollefson. Umri: miaka 74. Kazi: kukausha samaki kwa moshi, zamani mpishi wa shule. Makazi: Barabara ya Kinu, nyumba ya mwisho.

Mnamo tarehe 19 Oktoba 2019, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mume wangu Arvid, miaka 78, alitoka na fimbo yake ya kuvulia kwenda kuvua samaki aina ya trauti kwa chambo cha manyoya. Nikamuuliza, "Leo wapi?" Akasema, "Darajani." Nikamwambia, "Lisalimie daraja. Na ufunge mkanda wa hiyo suruali ya mpira, ikijaa maji itakuzamisha." Akasema, "Nyamaza, mama Ingrid, samaki watakusikia." Mkanda kauacha msumarini. Nimeuona kwa macho yangu.

Aliahidi kurudi saa sita. Hakurudi. Saa saba na nusu nilifika darajani. Gari lipo, theluji imeanza kufunika kioo. Saa nane waokoaji wakaanza kupekua maji chini ya daraja. Nikamwambia mkubwa wao, "Hapo hamumpati." Akasema, "Bibi, gari lake si hili hapa?" Nikamwambia, "Gari halivui samaki." Mmoja akacheka. Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni karibu saa nzima bila kumwambia mtu ninachokijua. Kosa hilo ni langu, liandike.

Sasa sikiliza, Kyle, na uache kutafuna kalamu. Wanaume wa mji huu kila mmoja huegesha gari mahali asipovua, ili mwenzake asijue. Hata baba yako. Arvid kanidanganya miaka thelathini na moja. Lakini samaki weupe anaoniletea, wale wanaokula mayai ya wenzao, nawapasua mimi. Majira haya matumbo yao yamejaa mayai ya trauti. Trauti hatagi kwenye matope, na darajani ni matope matupu. Anataga penye changarawe na maji yanayokimbia, na kwa goti lile bovu la Arvid pa kufikika kwa mguu ni mahali pamoja tu: ▬▬▬▬▬▬.

Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Ndiyo siri pekee aliyobaki nayo, na leo nimeitoa mbele ya mvuvi mwingine, yaani wewe. Sasa ni saa kumi. Saa kumi na mbili na nusu ni giza. Usinisomee maelezo haya. Piga simu kwanza, ndipo nitie sahihi.

Nimesema ninayoyajua, sikulazimishwa, wala sikutia chumvi.

(Sahihi) V. Tollefson

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Kyle Rasmussen. Nilipiga simu saa kumi na dakika nne. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi waokoaji walimkuta amekumbatia gogo, mguu umevunjika, yu hai. Neno lake la kwanza: "Nani kawaonyesha hapa?" Walimjibu ni mbwa, kama shahidi alivyoagiza. Kwa ombi la shahidi, jina la mahali nimelifuta.