Nilitoa Makochi Nje kwa Ajili ya Mechi

Jumapili, saa nne asubuhi. Ziwa limetulia, mawingu mazito yako upande wa Kongo, na mimi nimeshamwaga chai mara mbili tangu niamke.

Jana nilimuua baba yangu kwa makochi.

Yupo hai, alhamdulillahi, yuko chumba cha pili amelala. Lakini kwa muda wa saa nzima jana mtaa mzima wa huku Kasingirima, Ujiji, ulijua amefariki, na aliyewapa habari ni mimi, bila kufungua mdomo. Ngoja niandike tangu mwanzo, labda moyo utashuka.

Baba alipata kiharusi mwaka juzi. Tangu hapo hatoki. Mtu ambaye alikuwa hakosi mechi, iwe uwanjani iwe kibanda umiza, sasa anasikiliza mpira redioni na mto mgongoni. Wiki iliyopita akaniambia, "Zai, natamani kelele." Hakusema mpira, alisema kelele. Anataka watu wa kubishana nao. Nikamwambia basi, mechi ya watani tutaiangalia hapa hapa, sebuleni kwetu, na watu watakuja.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia. Kaka yangu Rajabu ni fundi cherehani pale Mwanga, karibu na soko. Ni mwendo wa bodaboda tu kutoka kwetu, na hajakanyaga hapa tangu siku aliyoanguka Baba. Siku hiyo nayo ilikuwa ya mechi ya watani. Rajabu alikuwa kibandani na simu kaizima asisumbuliwe. Alifika hospitali mpira umeisha, jezi ingali mwilini. Baba, na mdomo wake uliopinda, akamwambia, "Umechelewa. Rudi ukamalizie." Rajabu akageuka, akatoka, na ikawa ndiyo basi. Baba hamtaji. Rajabu humuulizia Baba kwangu kwa ujumbe, maneno mawili matatu, kisha kimya.

Nikamwalika. Akajibu, "Tutaona." Niliisoma kama ndiyo kwa sababu nilitaka iwe ndiyo.

Basi nikapanga chakula kama mtu anayeoza binti. Watu kumi na tano: wazee aliokuwa akicheza nao bao Baba zamani, majirani wa kiume wawili watatu, Rajabu na mkewe. Wakifika, kachori, sambusa za nyama, mihogo ya kukaanga na chachandu. Nilitaka na dagaa wabichi wa kukaanga, wale wa kutafuna huku macho yako kwenye runinga, lakini mwezi ni mpevu, dagaa hawafuati taa, mitumbwi haitoki, nikaishia kununua wakavu wa gunia. Mapumziko, chai ya tangawizi, ya Baba bila sukari. Soda sikutaka nyingi, maana nusu ya wazee wale wana kisukari na kila mmoja anamficha mwenzake. Nikaloweka ukwaju ndoo nzima. Mechi ikiisha, pilau. Walioshinda wale wakicheka, walioshindwa wale wamenuna, ila wote wale.

Na zaidi ya hao waalikwa sikumwambia mtu mtaani. Huo ulikuwa uchoyo, niseme tu ukweli. Ukimwambia mtu mmoja wa Ujiji kwamba una pilau, umewaambia thelathini. Hata Mama Shukuru, jirani ninayeazimana naye chumvi, nilimficha. Jana asubuhi aliniuliza mbona nakatakata vitunguu vingi hivyo, nikamjibu, "Ah, kazi tu."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Saa tatu nikaanza kupanga nyumba. Sebule yetu ni ndogo, watu kumi na tano na makochi haviwezekani. Nikamwita kijana wa mkokoteni tukayatoa makochi nje, mbele ya nyumba, yakakaa yanatazama barabara. Ndani nikatandika mikeka ukuta kwa ukuta. Nikafunga turubai kwenye jiko la nje ili mvua isiniharibie pilau. Kisha nikaagiza kwa Bi. Tatu, ambaye ndiye anayetunza vyombo vya shughuli vya akina mama wa mtaa, anipe sufuria mbili kubwa na birika. Vyombo vikaja muda ule ule. Hakuuliza vya nini. Nikasema moyoni, yule mama ana adabu kweli.

Baba alikuwa amekunywa dawa, nikamfungia mlango alale mpaka karibu na mechi. Simu nikaiweka chaji chumbani kwangu.

Mtu wa huku akisoma hapa ameshajishika kichwa. Makochi nje. Mikeka ndani. Turubai. Sufuria za mtaa zimechukuliwa ghafla, bila kadi wala kikao. Mlango wa mgonjwa umefungwa, na binti yake hataki kusema anapika nini. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa hapa hapa, nikipita nikaona hivyo kwa jirani, najifunga kanga nyingine kiunoni naingia ndani bila kuuliza. Ila akili yangu jana yote ilikuwa kwenye kachori.

Saa sita kasoro akina mama wakaanza kuingia. Wanavua viatu, wanakaa mikekani, kimya. Nikajisemea, jamani, tangu lini wanawake wa Kasingirima wakapenda mpira hivi? Tena mbona mapema? Nikaanza kupiga hesabu ya pilau huku jasho linanitoka. Mmoja kaja na mchele, mwingine na sukari, mwingine na kuni kichwani. Nikaona kumbe siri imevuja, ila watu wenyewe wastaarabu, wamekuja na mchango wao. Wakaninyang'anya kisu. Wakaniambia pole, nikasema asante, maana mtu akiwa jikoni hupewa pole. Mmoja akanikumbatia muda mrefu mpaka unga wa kachori ukamganda kifuani. Huko nje wanaume wamejaa kwenye makochi yangu, vichwa chini, hakuna hata mmoja anayebishana kuhusu kikosi. Hata hilo halikunishtua!

Ndipo Bi. Tatu akanivuta pembeni. "Mwanangu, wanaume wanauliza. Kaburi lichimbwe karibu na bibi yako, au Baba aliacha maneno mengine?"

"Kaburi la nani?"

Akanitazama kwa huruma, akaona mtoto wa watu ameshaharibikiwa akili. Mama Shukuru kusikia hivyo akashindwa kujizuia, akaangua kilio, "Mzee wetu jamani! Hata kutuaga!" Sebule nzima ikampokea. Nilisimama pale na mwiko mkononi, na kwa dakika hiyo moja, Mungu anisamehe, mimi mwenyewe niliamini. Nilijiambia, wameingia chumbani, wamemkuta, mimi niko kwenye mafuta ya kachori sijui lolote.

Mlango wa Baba ukafunguka.

Alisimama na mkongojo wake, jezi kaivaa mwenyewe, mbele nyuma. Akatazama wanawake arobaini mikekani.

"Mechi imeanza?"

Sitaweza kuieleza vizuri. Bi. Tatu alitoa shahada kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wake. Mwingine alitokea dirishani na mimi sijui dirisha lile lina upana gani. Mama Shukuru alikaa chini pale pale aliposimama. Wanaume wakaingia mbio, wakamwona, wakarudi nyuma mbio vile vile. Ilichukua muda kuwaeleza, na nilikuwa naeleza nalia, kwamba ni mpira, ni mpira tu, nilitaka nafasi ya kukaa. Kicheko kilipoanza kilikuwa cha hofu. Baba naye alicheka, kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kisha akaacha. "Rajabu kaambiwa?"

Mama Shukuru akasema yeye ndiye aliyempigia. Nyuma ya kanga akaongeza, "Hakunijibu kitu, Mzee. Alikata."

Nikaruka kwenda kuchukua simu. Ilikuwa imejaa simu za watu ambazo sikupokea. Nimeshaanza kutafuta jina la kaka yangu, Baba akanyanyua mkono wake mzima.

"Usimpigie."

"Baba, ataumia moyo, ngoja nimwambie..."

"Usimpigie, Zai. Acha nione."

Sijawahi kumwogopa baba yangu kama pale. Akaomba kiti, kikawekwa kando ya runinga, akakaa. Watu wote walikuwa wamesikia. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyesema ni vibaya. Na mimi sikupiga. Ningeweza kujificha jikoni nikapiga, lakini sikupiga. Nilitaka kuona na mimi.

Tulikaa hivyo, nyumba nzima, tunasikiliza kila pikipiki inayopita.

Moja ikasimama. Rajabu aliingia na kiatu kimoja, futi ya ushonaji ingali shingoni, na chini ya kwapa amebana bafta nyeupe imekunjwa. Alikuja na sanda. Alimkatia baba yetu sanda kwa mkono wake, dukani, na kuacha mlango wazi nyuma yake. Hakutazama mtu. Alimpita Baba pale pale kitini, nguo yake ikamgusa goti, akaenda moja kwa moja chumbani. Tukasikia sauti yake, ya mtoto kabisa, "Mmeshamtoa? Mmemtoa bila mimi?"

Baba hakugeuka. Alisema taratibu, kama anavyosema kila kitu siku hizi.

"Leo umewahi."

Rajabu alitokea mlangoni. Akaja juu, akanipigia kelele mimi, "Zai, mnanichezea? Kifo ni mchezo?" na alikuwa na haki. Nilitaka ardhi inimeze. Baba akamwonyesha ile bafta kwa kidevu. "Ifungue."

Hakutaka. Baba akarudia. Rajabu akaikunjua juu ya mkeka, mbele ya watu wote, na ikawa ndefu. Ilipita kiti, ikapita mkongojo, ikafika karibu na mlango. Akaishika ncha moja, akamtazama Baba, akaitazama tena. Fundi huyu hakosei hata nusu inchi. Alikuwa amekata kwa kukumbuka, na mtu anayemkumbuka si huyu aliyekaa kitini. Baba yetu amepungua, sijui lini.

Rajabu akaketi sakafuni, akaziba uso kwa kitambaa kile kile.

Mechi tuliiangalia. Nimeulizwa asubuhi hii matokeo nikashindwa kujibu, nasikia ilikuwa sare. Watu walikula kila kitu: kachori, mihogo, pilau yangu na pilau nyingine iliyopikwa kwa mchele wa msiba. Ukwaju uliisha kabla ya mapumziko. Wazee wa bao walibishana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, Baba akapata kelele zake. Yeye na Rajabu hawakuzungumza. Chai ilipokuja mkono wa Baba ulianza kutetemeka na kikombe, Rajabu akakishika chini kwa vidole viwili, macho yake kwenye runinga, mpaka kikaisha.

Baadaye, tunaosha masufuria, nikamwambia Rajabu kwa furaha kwamba nilijua tu atakuja, nilijua mwaliko wangu utafanya kazi. Akaendelea kusugua sufuria.

"Kwa mechi nisingekuja, mdogo wangu. Nilishaamua."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Si kilio, wala si mtu kutoka dirishani. Kaka yangu aliacha duka wazi na kiatu njiani kumkimbilia maiti, na huyo huyo hakuwa tayari kupanda bodaboda kuja kukaa na mzima. Usiku nilimhukumu sana. Nilijiona mimi ndiye mtoto, mimi niliyebaki, ninayeosha, ninayepika, ninayejua dawa zote kwa majina.

Lakini asubuhi nimemtazama Baba akiswali ameketi, nikajaribu kukumbuka alikuwa na urefu gani mwaka jana. Sikumbuki. Naishi naye nyumba moja, na mimi pia nilishangaa jana ile bafta ilipopita kiti. Kila siku huniita akiwa chumbani, nami hujibu "nakuja" huku naendelea na shughuli zangu, mpaka aite mara ya tatu. Namjua kwa sauti tu. Je, kama jana mimi ndiye ningekuwa mbali, na mtu akanipigia kuniambia baba yako mzima anakuulizia, ningekimbia?



Ameita sasa hivi, mara moja. Naenda.