Kikapu Nilichopeleka Madhabahuni Kabla ya Wakati

Shangazi Mshauri,

Pokea salamu kutoka Ujiji, na unisamehe kama mwandiko unapepea, maana mimi ni bibi harusi, huu ni mwezi wa tatu tu, na bado nikiamka asubuhi nageuka taratibu kuangalia kama kweli yupo, na yupo, Erasto wangu, amelala mdomo wazi kidogo, mikono yake inanukia sabuni na dizeli kwa mbali, nami namwambia Mungu asante kabla hata sijanawa uso.

Nilimngoja sana, Shangazi. Wenzangu wa kwaya waliolewa wote mimi nikiwashikia maua, mpaka nikaanza kumwambia Mungu kwamba kama amenisahau aseme tu nijue. Halafu siku moja tunarudi kutoka kuimba kijiji kimoja cha kusini, boti ikazimika katikati ya ziwa, maji kimya, milima ya Kongo ya bluu kule ng'ambo, sisi tunaomba kwa sauti tufike salama, na abiria mmoja ambaye hata si wa kwaya akakunja mikono ya shati, akainama kwenye injini, akaniambia, "Dada, usiache kuimba, unanisaidia." Niliimba, Shangazi! Injini ikawaka na mimi nikawaka. Niliomba nchi kavu, Mungu akanipa nchi kavu na mume.

Utauliza basi nataka nini tena. Mama yake Erasto anakaa Mwandiga, ni watu wenye asili ya Burundi, anakamua mawese, na siku ya harusi alinifunga kiunoni kitenge cha kubebea mtoto, mwenyewe anakiita ingobyi, akasema nikifika nyumbani nikitundike msumarini kingoje. Kila akija kwetu, kabla hajakaa, anautazama ule msumari. Kisha ananikumbatia. Nampenda mama huyu. Mara ya kwanza kwenda kwake nilikuta mikungu ya chikichi imefunikwa majani uani, nikashika panga nizichomoe chikichi kwa nguvu, nimwonyeshe kwamba hajaletewa mvivu, akacheka mpaka akashika kiuno, akaniita mwanangu kwa Kirundi chao. "Mwana wanje, iache ilale! Zitaachia zenyewe."

Sasa sikia nilichofanya. Kanisani kwetu mke akijijua ni mjamzito hatangazi, anapeleka madhabahuni kikapu chenye unga wa muhogo na chupa ya mawese mapya, kimefunikwa kitenge, na akina mama wanaelewa. Akaja mhubiri mgeni akafundisha kwamba anayeshukuru kabla ya kupokea anamharakisha Mungu, nami nikaufikiria ule msumari, Jumapili iliyofuata nikapeleka kikapu. Sikuwa na mimba, Shangazi. Nilikuwa na imani tu, au nilidhani ni imani. Vigelegele vilivyopigwa! Tulipotoka nje Mama Telesphory akanishika mkono mbele ya wote, "Kumbe fundi wetu injini yoyote akiigusa inawaka!" Watu wakavunjika mbavu, Erasto akainamisha kichwa kwa aibu, na aliponitazama macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nikataka kusema, nikashindwa.

Tangu hapo akirudi kutoka Kibirizi anakotengeneza injini za boti, hata viatu hajavua, anapiga magoti mlangoni na kuliambia tumbo langu, "Mgeni wetu, umeshindaje?" Na ndani kumejaa mwanga wa jioni kutoka ziwani, na mimi namshika kichwa, na ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na si kweli. Mama mkwe ananiletea samaki wa ziwani, migebuka mikubwa, na kuninyang'anya ndoo. Jumatano nikaziona siku zangu. Nilifua kwa kujificha nyuma ya nyumba huku nikimsikia Erasto ndani anapiga mluzi. Na Jumapili hii mama anakuja na ndugu zake wote kutoa shukrani.

Nimemwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu Melania. Akasema, "Wewe nawe! Sema imeharibika. Watalia, watakupikia uji, yaishe." Shangazi, nakaribia kufanya hivyo. Naogopa Erasto hatapiga magoti tena pale mlangoni. Tena naogopa Mungu amekasirika na hatanipa kabisa. Nifanyeje?

Mke wa Fundi, Ujiji

*

Mke wa Fundi,

Nilikuwa naisoma barua yako huku natabasamu mpaka nilipofika kwa Melania, hapo nikavua miwani. Usithubutu! Mumeo atamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Mama mkwe atamwombolezea mjukuu. Na hapo kanisani kwenu wapo wanawake waliopoteza mimba kweli, watakuja kukaa na wewe mkekani, wakushike mkono wakusimulie ya kwao. Utawatazama kwa macho gani?

Pole, binti yangu. Kutamani mtoto wa mtu unayempenda namna hiyo si dhambi. Ulichokosea ni kumkamata Mungu mkono na kuanza kumvuta. Kumshukuru kabla hujapokea, kati yako na yeye chumbani, ni sala nzuri. Lakini kikapu kile watu wanakijua maana yake, ukakipeleka mbele yao, umewadanganya hata kama mdomo ulikuwa umefungwa. Yule mhubiri kaenda zake, wewe umebaki na tumbo la kanisa zima.

Tena mwezi wa tatu! Nani kakuambia umechelewa? Msumari? Mkikaa muda mrefu bila kupata, nendeni hospitali wote wawili, si yeye akupeleke wewe, na huko si kukosa imani. Ila kwa sasa hujachelewa kitu.

Unaogopa Mungu amekununia. Yeye aliyevumilia manung'uniko yako tangu enzi za kushika maua, akakuletea mume majini wakati wewe unaomba nchi kavu tu, leo akutupe kwa ajili ya kikapu? Tubu, kisha tulia. Kusubiri ndiko hukujui, na ndiko utakakojifunza.

Nimetafuta katika barua yako mahali ulipopeleka kikapu cha kumshukuru Mungu kwa ajili ya Erasto. Sijapaona. Basi kile ulichopeleka kihesabu kuwa ndicho, na ukamwambie Mungu hivyo.

Usingoje Jumapili. Kesho nendeni Mwandiga, wewe na mumeo, mkamwambie mama kabla hajaanza safari na ndugu zake. Kaa naye pale uani kwenye mikungu yake. Mwambie ulishika panga tena. Huyo ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake, na yeye mwenyewe ndiye awaambie ndugu. Kiongozi wa akina mama mwambie faraghani, huhitaji kipaza sauti. Mama Telesphory atatafuta utani mwingine. Na ingobyi usiifiche kabatini kwa aibu, iache pale pale ilipo.

Lakini kwanza Erasto. Alikupenda wewe kabla hajawa na mgeni wa kusalimia, ulikuwa unaimba tu kwenye boti iliyozimika. Leo jioni msubiri mlangoni. Akipiga magoti, mwinue. Mwambie pale pale, kabla hajavua viatu.