Siku Tatu Juu ya Jiwe

Shikamoo dada Koku,

Unakumbuka nilivyoaga kwa mbwembwe: baada ya kupunguzwa kazini, nikakae peke yangu ziwani siku tatu, nifunge, nijue mimi ni nani hasa. Jiwe nililipata huku Pasiansi, pana, tulivu. Kumbe ndipo akina mama wanapoanika dagaa! Jana walianika pande zote, mimi katikati. Mmoja akasema, "Baba, maadamu umekaa tu, tufukuzie kunguru." Nilifukuza hadi jioni, nikasahau kwamba nimefunga, nikala ugali wao. Leo nimechelewa kutoka gesti, nikakuta wanaulizana, "Yule wetu wa kunguru yuko wapi?"

Wasalimie wanao. Waambie mjomba wao amepata kazi.

Mdogo wako,
Deo