Picha ya Onzima iliyovuka Oraba

Elise, nimetoka kwa mama mdogo Drateru sasa hivi. Nilimwomba tu picha ya kaka yake Onzima niiweke kwenye fremu. Kumbe!

Mwaka 1979, askari waliokuwa wanakimbia vita walimpiga risasi Onzima na majirani zake barabarani Koboko. Gaspard, Mkongo mmoja mpiga picha, akazipiga picha maiti zao kwa siri. Akampa Drateru filamu aivushe, naye akaificha ndani ya kopo la karanga za kusaga, akaenda nayo mpaka mpakani Oraba.

Askari akamwuliza, "Iko nini ndani?"
"Iko karanga, afande."
Akachovya kidole, Elise! Akalamba! "Tamu. Pita."

Kule Kaya, upande wa Sudan, mzungu mmoja aliyekuwa anakusanya ushahidi akaisafisha ile filamu. Uso wa Onzima ukatokea wazi kabisa. Drateru akamsihi ampe hiyo moja tu, maana nyumbani hawakuwa na picha yake yoyote.

"Hapana, mama. Hii ushahidi. Itafika mahakamani."

Drateru akamwachia picha. Unasikia? Akamwachia!

Hakuna mahakama iliyomwita mtu. Drateru aliporudi Kaya kuuliza, alikuta nyumba ya yule mzungu ina wapangaji wengine. Gaspard naye alikamatwa, hakuonekana tena.

Leo mama mdogo ameniambia polepole, "Uso wake wa uzima nimeusahau. Nikifumba macho naona ule wa kwenye picha tu, mdomo wazi."

 Nimekaa tu hapa nje ya nyumba yake, Elise, siwezi hata kuondoka.