Pete za Mninga Chini ya Gari la Silasi

Mpendwa Bi Najiat,

Shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo ukilisoma juu juu utasema ni la fundi gari na si lako, lakini fundi nimeshamwendea na aliloniambia nimeshindwa kulitenda, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia wewe, na ninakuomba usinicheke.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, naishi Itetemia na mke wangu Anifa pamoja na baba yangu mzazi, Mzee Sabiri, na kazi yangu ni kununua asali na nta kwa warina wa msituni huko Usinge na kuileta mjini. Nina kigari kidogo cha fowili, kinachovuta kwa matairi yote manne, cha milango miwili, kina nguvu na hakili mafuta, ila tatizo lake kiko chini mno, na mvua zikishika malori huichimba ile barabara pande mbili na kuacha tuta katikati, basi kigari changu hulalia tuta hilo kwa tumbo, matairi yanazunguka bure, nami nashuka na jembe. Msimu wa mwaka juzi nilikwama mara tisa. Nikaona sasa basi, nilinyanyue hili gari.

Nilikwenda kwa Kalpesh, muuza vipuri wa mjini, akanionyesha seti yake, springi nne ndefu kidogo kuliko za kawaida na shokapu zake nne zilizotengenezwa kwenda nazo, zinapandisha gari inchi mbili. Nikamwambia mimi nataka zaidi. Akacheka, akasema, "Usizidi hapo, bwana Mfaume. Gari hili fupi na jembamba. Ukilipandisha sana ni kama mtu kabeba ndoo kichwani halafu umvalishe viatu vya kisigino." Tukakubaliana nirudi Jumatatu kuichukua.

Kosa langu ni kwamba jioni ile nilimsimulia baba. Bi Najiat, baba yangu ni seremala, na si seremala wa kubahatisha, kuna milango hapa mjini ameichonga yeye watu wanasimama kuitazama, lakini siku hizi watu wanaweka milango ya aluminiamu na makochi yanashushwa kutoka Dar, na ilikuwa imepita zaidi ya mwaka hakuna aliyemwita hata kurekebisha kigoda. Alikuwa anaamka, anafagia karakana, anakaa. Sasa nilipomweleza habari za springi hakukasirika, aliniuliza tu, "Yaani unakwenda kununua kitu cha kuinulia gari na mimi baba yako nipo?" Safari ya kurudi kwa Kalpesh ikafia hapo. Asubuhi nikasikia mashine yake ya kukerezea inaunguruma.

Alinikerezea pete nne za mninga, nene inchi tatu, za kukaa juu ya springi ili gari lipande bila kubadilisha chochote, na mti wenyewe ni ule ubao aliokuwa ameukausha miaka mingi kwa ajili ya mlango wa nyumba nitakayojenga. Akazipaka nta yangu mwenyewe. Tulipofika kwa fundi Elieza, Elieza alizigeuzageuza, akasema taratibu, "Mzee, hiki si chuma." Baba akamjibu, "Mninga haupasuki, mwanangu. Kaiulize milango ya mji huu." Elieza akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. Akazifunga kwa sababu aliyesema ni mzee, na mimi nikanyamaza kwa sababu ni baba yangu.

Miezi miwili ilikwenda vizuri, nikawa napita palipokwama malori, na baba akawa anakaa barazani kuwahadithia watu. Mwezi wa nne nilikuwa natoka Usinge na Omari, mrina ninayenunua kwake miaka yote, alikuwa anakuja mjini kumwona binti yake aliyejifungua, na wakati wa kupakia alisisitiza tuongeze ndoo mbili za asali kwa ajili ya mzazi. Njiani akasinzia. Tukaingia kwenye shimo, si kubwa, na wakati wa kutoka nikasikia mlio wa kuni kupasuka, gari likainama kushoto, usukani ukakataa, tukabingirika mtaroni.

Omari alivunjika nyonga. Mimi nilitoka na mchubuko. Na kabla watu hawajafika niliiona ile pete kwenye majani, imepasuka vipande viwili, nikaviokota nikavitupa kwenye maji ya mtaro. Walipokuja nikasema ng'ombe alikatiza. Hakukuwa na ng'ombe, Bi Najiat.

Omari sasa anatembea kwa fimbo na hospitali wamemwambia kupanda miti basi tena, na mizinga yake yote iko juu ya miti. Nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono akasema, "Mfaume mdogo wangu, nisamehe. Zile ndoo mbili nililazimisha mimi. Gari lilizidiwa." Nami nikamjibu, "Yamepita, kaka." Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Na bado halijaisha. Habari za pete zilikuwa zimeshaenea, na mwezi uliopita alikuja bwana mmoja anaitwa Silasi, ana kigari kama changu, cha kijani, ndicho anachowabebea wauguzi wa chanjo kila Jumatatu kwenda vijiji vya nyuma ya Bukene. Baba akamkerezea nne, tena za inchi tatu na nusu, na zimeshafungwa. Mimi nilikuwepo. Nilishika taa ya kumulikia chini ya gari. Na sasa baba ananikerezea mimi nyingine, anasema, "Safari hii naongeza unene, naona hata yule ng'ombe asingekushtukiza kama ungekaa juu zaidi ukamwona mapema." Anakula vizuri, anaimba akiwa kazini, nguo zake zimerudi kunukia vumbi la mbao. Nikimwambia nitamuua.

Gari langu limeshanyooshwa, liko kwa Elieza, na ananiuliza kila siku nimechagua nini. Nikichukua seti ya Kalpesh, baba atauliza kwa nini. Nikiweka pete zake, ninaogopa. Nikiliacha chini lilivyozaliwa, kazi imekufa na bado baba atauliza. Naomba unishauri, nichague ipi?

Ni mimi,
Mfaume, Itetemia.


Mfaume,

Marahaba. Nitaanza na gari kwa sababu hilo ni jepesi, halafu tutazungumza ulichoniandikia hasa.

Mimi si fundi, ila nilimpelekea barua yako fundi ambaye amelaza mgongo chini ya magari ya aina hiyo miaka ishirini. Alicheka kidogo mwanzoni, alipofika katikati akaacha. Jibu lake ni hili: chukua inchi mbili za Kalpesh na usiongeze hata ukucha. Springi na shokapu ziwe zimetengenezwa pamoja, maana ukipandisha springi ukaacha shokapu fupi za zamani, tairi likining'inia shimoni springi inaweza kutoka mahali pake. Mwambie Elieza atazame mipira ya breki kama inafika bila kuvutika, apime matairi upya yakae sawa, na mzigo ukae chini, usiupange juu ya paa. Ukishapandisha gari fupi, kona unayoijua unaikata kwa mwendo mwingine. Na kati ya springi na gari kisikae kipande cha mti, uwe mninga, uwe mpingo. Mlango husimama ukafunguliwa na kufungwa. Springi inapigwa nyundo kutwa nzima. Baba yako anaujua mti, ila kazi ile hakuijua, na hakuna aliyempa heshima ya kumwambia.

Hilo limekwisha. Sasa tuzungumze.

Umeniuliza uchague ipi, na kwenye barua nzima hilo ndilo jambo dogo kuliko yote. Ulijua jibu tangu Kalpesh alipokuambia. Ulilijua Elieza alipokutazama. Nakuonea huruma, nisikufiche. Mtoto anayeona baba yake amekaa kwenye karakana tupu akampa kazi ili uso urudi kung'aa, huyo ana moyo, na barua yako niliisoma mara mbili pale ulipoandika kuhusu vumbi la mbao. Lakini moyo huo ulitosha kuwa udhuru siku ya kufunga zile pete. Siku ulipotupa vipande mtaroni ulikuwa umeingia kwenye jambo jingine, na hilo lisiitwe heshima kwa mzazi. Ni woga, na woga wenyewe wa aibu.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wewe umemchelea baba, na aliyelia ni Omari. Mtu amevunjwa nyonga, amepoteza miti yake, halafu amekushika mkono akakuomba wewe msamaha, nawe ukampa! Mfaume, umemsamehe mtu kwa kosa lako. Nimeandika safu hii miaka kumi na moja na sijui kama nimewahi kusoma neno zito kuliko lile "yamepita, kaka".

Nenda kwa Omari. Usimtume mtu na usipige simu. Mwambie hakukuwa na ng'ombe, na ndoo zake mbili hazikuvunja kitu. Anaweza kukufukuza, ana haki. Anaweza kukushtaki, ana haki pia. Akikubali kukutazama tena, basi tafuta vijana wa kumpandia mizinga yake msimu huu kwa jasho lako, na usimwambie mtu kwamba unafanya hivyo.

Kwa baba yako, nenda kabla hujaenda popote. Unasema ukimwambia utamuua. Sikubaliani nawe. Fundi wa kweli akiambiwa kazi yake imepasuka, jambo la kwanza anauliza imepasukia wapi. Ataumia, ndiyo, na huenda mashine ile isiungurume tena, na hilo utalibeba. Lakini hivi sasa unamwacha mzee wa watu akereze vitu vya kuua, huku anaimba, na jina lake litakuwa kwenye kila kimoja. Siku jambo likifumuka atajua mwanawe alijua, na hilo ndilo litakalommaliza.

Sasa nije kwenye bahasha yako. Siku hizi wasomaji wananiandikia kwa simu, ujumbe unaingia kabla sijamaliza chai. Wewe umeandika kwa mkono, ukabandika stempu, hukuweka namba ya simu. Muhuri wa posta unasema tarehe mbili. Barua imenifikia Jumanne, tarehe kumi na nne. Katikati zimepita Jumatatu mbili, na wauguzi wamekwenda na kurudi mara mbili wamekalia pete za baba yako, na njia ya kiangazi imekauka ikawa mashimo magumu kama saruji. Ulitaka ushauri utakaochelewa. Nimeshawapigia watu wawili ninaowafahamu Bukene. Mmoja hakupatikana, wa pili akasema hamjui mwenye gari hilo. Nikampigia muuguzi mmoja, akasema wa chanjo hutoka kituo kingine, atauliza. Hajarudi kwangu. Gazeti hili linatoka Jumamosi, Jumatatu ni keshokutwa yake.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwenye safu hii. Jina lako nimelibadilisha, na la mzee, na la mrina, na la mwenye duka, na la fundi, hata mtaa siyo wako. La Silasi nimeliacha. Bukene nimeiacha, na rangi ya gari nimeiacha. Akisoma atajijua, na akijijua atajua na seremala ni nani, kwa hiyo una saa chache tu za kumwambia baba yako kwa kinywa chako kabla hajalisikia kwa watu. Unikasirikie ukitaka.

Na wewe Silasi, nakuandikia usiyenijua. Ukiwa unasoma hapa, au kuna anayekusomea, chukua taa, lala chini ya gari lako, tazama juu ya springi zote nne. Utaona mti. Usiende Jumatatu. Waambie wauguzi wachelewe siku moja, watoto watasubiri, na kama hakuna gari jingine waende kwa pikipiki. Ukishaliona, nipigie, namba yangu iko chini ya ukurasa huu, hata kama ni kunitukana, ili nijue umesoma.

Bi Najiat